Jiwe la Shinkolobwe na Mlinzi Asiyeambiwa

Katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani tunavuka Ziwa Tanganyika na kuelekea kusini-magharibi, hadi Katanga, nchini Kongo. Umbali wa kilomita 20 hivi magharibi ya mji wa Likasi, ambao wakati wa utawala wa Wabelgiji uliitwa Jadotville, pana mahali panapoitwa Shinkolobwe. Wengi wetu hatukulikuta jina hilo katika vitabu vya shule, wala hilo halikutokea kwa bahati tu. Kwa miaka mingi walikuwapo wakubwa wa dunia ambao hawakupenda litajwe. Hata hivyo, mawe yaliyotoka katika shimo la Shinkolobwe yameigeuza dunia pengine kuliko dhahabu yote iliyopata kuchimbwa katika bara letu.

Mazungumzo haya ni ya wananchi wote, ila leo tunawaelekea hasa ndugu zetu askari wa jeshi na polisi: wale wanaosimama usiku kwenye vizuizi vya barabarani, walio mipakani, bandarini na katika stesheni za reli. Tunataka kuisimulia safari ya mawe hayo, maana katika safari hiyo mna mafunzo makubwa juu ya kazi ya ulinzi. Swali tunalojiuliza ni moja. Mzigo wenye mionzi ya hatari ukiwa njiani, ni nini hasa kinachoulinda? Ni bunduki? Ni siri? Au kuna jambo jingine ambalo, likikosekana, bunduki na siri havifui dafu?

Kwanza tuseme neno juu ya mzigo wenyewe. Madini ya urani yakiwa ndani ya mwamba hayana haja ya mlinzi. Yamekaa humo tangu kuumbwa kwa dunia. Hatari huanza pale mwamba unapopasuliwa na mawe kupakiwa safarini. Mgodi una uzio, na kiwanda kina lango na bawabu. Lakini lori lina dereva na utingo, na behewa la treni hulala stesheni likingoja kichwa. Njiani mzigo hutoka mkono huu ukaingia mkono ule, na kila mikono inapobadilika hutokea nafasi ya kuiba, ya kupunguza, ya kumwaga au ya kusahau. Tena mzigo huu una hila yake. Haunuki, hauunguzi kiganja papo hapo, hauna mlio. Mtu anaweza kuukalia kama kigoda na kula chakula chake juu yake, asijue amekalia nini.

Mawe ya Shinkolobwe yaligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga. Wakati huo hakuna aliyeitaka urani. Kilichotakiwa ni radiumu, ambayo hukaa pamoja na urani, na ambayo ilitumika kutibu saratani. Bei yake ilipita ile ya dhahabu mara nyingi sana. Kuanzia mwaka 1922 mawe yalisafirishwa hadi Olen, nchini Ubelgiji, yakasafishwa huko, na urani iliyobaki ikawa kama makapi, ikitumika kutia rangi vyombo vya udongo na vioo. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, maji yakajaa ndani, na mawe mengi yakaachwa juu ya ardhi.

Mwishoni mwa mwaka 1938 wanasayansi wa Kijerumani, Otto Hahn na Fritz Strassmann, waligundua mjini Berlin kwamba kiini cha urani huweza kupasuliwa. Wataalamu wa nchi kubwa walielewa mara moja kuwa katika kupasuka huko mna nguvu isiyo na mfano. Mwezi Mei 1939 mkurugenzi wa kampuni ile, Edgar Sengier, alikutana mjini London na Sir Henry Tizard, mshauri wa serikali ya Uingereza katika mambo ya sayansi, akaonywa kwamba mikononi mwake ana kitu ambacho, kikimfikia adui, kinaweza kuleta maafa makubwa.

Hapa ndipo historia yenyewe ya ulinzi inapoanza, nayo inaanza na kosa. Mwezi Mei 1940 majeshi ya Hitler yaliivamia Ubelgiji. Kule Olen kulikuwa na akiba ya urani ya Kongo inayozidi tani 1,000. Haikuhamishwa. Wajerumani waliiteka na kuipeleka kwao. Mzigo huohuo, kutoka shimo lilelile, ulipotea kwa sababu tu haukuondolewa wakati njia ilipokuwa bado wazi. Ulikuja kuonekana tena mwezi Aprili 1945, vita vikiwa ukingoni, katika mji wa Stassfurt nchini Ujerumani, ambako kikosi maalumu cha Marekani kilikuta tani zipatazo 1,100. Mapipa mengi yalikuwa yamevunjika, na ilibidi mzigo ufungwe upya kabla ya kupakiwa. Ashukuriwe Mungu kwamba Hitler hakuwahi kuutengenezea bomu; lakini hakuzuiwa na mlinzi yeyote wa ghala la Olen.

Sengier hakutaka yaliyotokea Olen yatokee Katanga. Akiwa amehamia New York, aliagiza mawe yaliyokuwa yamelala juu ya ardhi huko Kongo yapelekwe Marekani upesi. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,200 zilisafiri kwa reli hadi bandari ya Lobito nchini Angola, na kabla mwaka haujaisha shehena ilikuwa imefika New York, ikawekwa ndani ya mapipa ya chuma katika ghala moja kwenye kisiwa cha Staten. Mawe hayo yalikadiriwa kuwa na oksidi ya urani kiasi cha asilimia 65. Kwa kulinganisha, katika migodi mingi ya dunia mwamba wenye urani ya asilimia 1 huhesabiwa kuwa tajiri.

Sasa, ndugu wasikilizaji, sikilizeni ajabu hii. Mzigo huo ulikaa ghalani karibu miaka miwili bila serikali ya Marekani kuuchukua. Mwaka 1942 Sengier aliwaeleza maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje kwamba alikuwa na mali ya thamani kuu, lakini hawakumwelewa. Na wangemwelewaje? Mradi wa kutengeneza bomu la atomiki ulikuwa siri, na wizara ile haikuwa imeambiwa. Siri iliyowekwa kwa ajili ya kulinda ndiyo iliyowafunga macho wenye nyumba, wasione hazina iliyokuwa sebuleni mwao. Mnamo tarehe 18 Septemba 1942 ndipo Luteni Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipokwenda ofisini kwa Sengier. Kabla ya mazungumzo kwisha walikuwa wamekubaliana, tena kwa maandishi ya mkono: Marekani itanunua mawe yote yaliyokuwa Staten, na tani nyingine 3,000 zilizobaki juu ya ardhi kule Kongo.

Basi ikaanza safari kubwa. Njia ya Lobito sasa ilionekana kuwa ya hatari, maana Angola ilikuwa koloni la Ureno, Ureno haikuwamo vitani, na katika bandari zake walizunguka wapelelezi wa pande zote. Ikachaguliwa njia ndefu inayopita ndani ya Kongo yenyewe. Ndugu askari, naomba mhesabu pamoja nami. Mawe yalitoka mgodini yakapelekwa relini. Yakasafiri kwa treni kilomita 1,600 hivi hadi Port-Francqui, mji ambao leo unaitwa Ilebo, penye mto Kasai. Hapo yakashushwa kutoka mabehewani, yakapakiwa katika matishari, yakateremka mito ya Kasai na Kongo siku baada ya siku hadi Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Hapo yakapakuliwa tena na kutiwa katika treni nyingine, kilomita 366 hadi bandari ya Matadi. Matadi yakapakuliwa, yakawekwa ghalani, yakapakiwa melini, yakateremka mto hadi baharini. Bandari ya Matadi ilipanuliwa, na viwanja vya ndege vya Leopoldville na Elisabethville pia. Baharini Wamarekani walizitumia meli za mwendo wa kasi zilizokwenda peke yake, zikitegemea mbio zake kuziponyoka nyambizi za Kijerumani. Katika muda wote wa vita shehena mbili tu ndizo zilizopotea baharini.

Nchi kavuni waliwekwa majasusi. Shirika la ujasusi la Marekani la wakati huo, OSS, lilipeleka watu wake Kongo kwa sura za kubuni. Mmoja alikwenda kama mtaalamu wa ndege, mwingine kama mnunuzi wa hariri, mwingine kama mtumishi wa kampuni ya mafuta. Kazi yao ilikuwa kuchunguza kama kuna mawe yanayovushwa kwa magendo kwenda kwa Wajerumani. Hata miongoni mwao wapo walioambiwa kwamba wanafuatilia almasi tu. Na mwaka 1944 Marekani, Uingereza na Ubelgiji zikatiliana saini mapatano ya kuhakikisha kwamba urani ya Kongo haiendi kwa mtu mwingine.

Kwa kipimo cha kijeshi tunapaswa kukiri kwamba ulinzi huo ulifaulu. Mzigo ulifika. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lililotengenezwa kwa urani, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka Shinkolobwe, liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima nchini Japani. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Mwaka 1946 serikali ya Marekani ilimtunukia Sengier nishani.

Lakini katika mlolongo ule wote tulioutaja, wa kupakia na kupakua, ni nani aliyekuwa akiinua mzigo? Alikuwa Mkongo. Ni yeye aliyechagua mawe kwa mikono yake mgodini, akayabeba begani, akayapanga matisharini, akalala kando yake gatini. Na huyo hakuambiwa kitu. Hakuambiwa kwamba vumbi la mawe hayo likivutwa hukaa kifuani, wala kwamba mawe yenye radiumu nyingi hutoa mionzi ipitayo ndani ya mwili wa mtu. Askari mweusi wa jeshi la mkoloni, la Force Publique, naye hakuambiwa. Alipewa bunduki na amri, basi. Na tunajua bunduki hizo zilielekezwa wapi ilipowafaa wakubwa: mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ileile ya madini walipogoma mjini Elisabethville kudai nyongeza ya mshahara, walimiminiwa risasi, na makumi kadhaa wakapoteza maisha.

Yupo atakayesema kwamba wakati wa vita siri ni lazima. Kweli, siri ya jeshi ina mahali pake, na hakuna askari asiyelijua hilo. Lakini kuficha ni jambo moja na kulinda ni jambo la pili. Anayeficha hutegemea kwamba hakuna ajuaye. Anayelinda hutegemea kwamba kila anayehusika anajua sehemu yake. Kuficha kunaweza kufaa kwa mwaka mmoja au mitatu, huku nyuma yake kuna jeshi na fedha za dola kubwa. Dola hiyo ikiondoka kinachobaki ni ujinga, na ujinga haujawahi kulinda mali ya mtu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Maneno hayo yalithibitika huko Marekani kwenyewe. Mwaka 1980, miaka 40 baada ya mapipa ya kwanza kupokewa kisiwani Staten, wataalamu walikwenda na vipimo mahali lilipokuwa ghala. Wakakuta udongo ungali na mionzi, kwa sababu ya mawe yaliyomwagika wakati wa kupakia na kupakua. Siri ya vita ilikuwa imekwisha zamani. Ghala lilikuwa limekwisha kazi yake. Mabaki ya mzigo yalikuwa bado yapo, yakimngoja mtoto wa kuyachezea.

Tena tutazame yaliyotokea Kongo baada ya Wabelgiji kuondoka. Karibu na wakati wa uhuru wa mwaka 1960 mashimo ya Shinkolobwe yalizibwa kwa zege. Mwaka mmoja kabla yake, 1959, kinu cha kwanza cha atomiki katika Afrika kilikuwa kimewashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Leopoldville, kwa msaada wa Marekani, kwa ajili ya utafiti. Katika miaka ya 1970 fito mbili za urani za matumizi ya kinu zilitoweka. Mwaka 1998 polisi wa Italia waliwatega watu wa magenge ya uhalifu, wakaikamata moja ya fito hizo. Ya pili haijapatikana. Fito ile haikuota mabawa ikaruka kutoka ukingo wa mto Kongo hadi Italia. Ilipita mahali penye mlango, na penye mlango palikuwa na mtu. Ama mtu huyo alihongwa, ama hakujua anachokitazama. Yote mawili yanawezekana, na tiba ya lile la pili ni rahisi kuliko ya lile la kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, vita na umaskini vilipozidi, maelfu ya wachimbaji wadogo waliingia Shinkolobwe kutafuta kobalti na shaba. Walichimba kwa sururu na mitaimbo pembeni ya zege la Mbelgiji. Mwezi Januari 2004 serikali ya Kongo ilipiga marufuku uchimbaji huo kwa amri ya Rais. Mwezi Julai mwaka uleule ardhi ikaporomoka na kuua watu, jambo lililodhihirisha kwamba amri ya karatasi ilikuwa haijafika shimoni. Magunia ya madini yalikwishatoka hapo, mengi sana, yakapanda malori na kuchanganywa na magunia mengine, na gunia likishachanganywa nani ataapa limetoka wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisa kinachotuumiza zaidi ni cha mwezi Novemba 2007. Madini yaliyopimwa na kuonekana kuwa na mionzi mingi yalikamatwa, na ikaamriwa yarudishwe yakafukiwe Shinkolobwe. Yalikuwa tani kati ya 17 na 18. Kufikia hapo kazi ya ulinzi ilikuwa imefanywa vizuri: mzigo uligunduliwa, ukapimwa, ukazuiwa, amri sahihi ikatolewa. Kilichobaki ni safari fupi ya malori, ya kilomita chache tu. Katika safari hiyo fupi kila kitu kikaharibika. Mzigo haukufika. Ulimwagwa katika mto Mura, karibu na Likasi, mto ambao wananchi hutegemea maji yake. Lau angekuwapo mlinzi mmoja, mwenye hati mkononi, aliyeambiwa wazi kwamba kilichomo malorini kikiingia mtoni kitaingia katika mitungi ya watu, tusingekuwa na kisa cha kusimulia.

Je, ulimwengu umejifunza nini? Mwaka 1961 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake mjini Vienna, lilitoa kwa mara ya kwanza kanuni za usafirishaji salama wa vitu vyenye mionzi, na kanuni hizo zimekuwa zikirekebishwa hadi leo. Msingi wake ni kwamba usalama uanzie katika kifungashio chenyewe, ili hata dereva akikosea au lori likipinduka, mzigo usimwagike. Kisha mzigo ujitambulishe. Ndiyo maana ya ile alama ya panga tatu nyeusi zinazokizunguka kitone, juu ya rangi ya njano, na namba 7 chini yake. Ile ni tangazo la wazi, kinyume kabisa cha siri ya Matadi.

Baadaye ulikuja Mkataba wa Ulinzi wa Vifaa vya Nyuklia, uliofunguliwa kutiwa saini mwezi Machi 1980 na kuanza kutumika mwaka 1987. Inafaa askari wajue kwamba masharti ya ulinzi ya mkataba huo wa kwanza yalihusu hasa vifaa vinavyosafirishwa kutoka nchi hadi nchi. Walioutunga walitambua yale tuliyoyaona Kongo, kwamba mzigo ni dhaifu zaidi ukiwa njiani. Marekebisho ya mwaka 2005, ambayo yalianza kutumika mwaka 2016, yaliongeza vinu, maghala na safari za ndani ya nchi. Afrika nayo ilifanya Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini mjini Cairo mwezi Aprili 1996 na kuanza kutumika mwezi Julai 2009, unaolifanya bara letu liwe eneo lisilo na silaha za nyuklia na kuzitaka nchi wanachama zilinde vifaa vyake.

Lakini tusijidanganye. Mkataba wa mwaka 1980, katika kueleza ni kitu gani kinacholindwa, uliacha nje urani ambayo ingali katika hali ya mawe ghafi. Jiwe la Shinkolobwe, kama lilivyochimbuliwa, halimo. Limeachwa kwa sheria za kila nchi, na sheria ya nchi, usiku wa manane kwenye kizuizi cha barabarani, humaanisha askari mmoja mwenye tochi.

Na sisi hatuko mbali. Shaba na kobalti ya Katanga hupita Zambia, huingia Tunduma na kuteremka hadi bandari ya Dar es Salaam. Madini hayo mengi ni salama, wala hatuna sababu ya kuwatia hofu madereva wanaotafuta riziki yao. Hata hivyo, mwaka 2018 kampuni moja kubwa ya Katanga ilisimamisha kwa muda uuzaji wa kobalti yake kwa sababu ilionekana kuwa na urani kupita kiwango kinachokubaliwa katika bandari za Afrika. Jirani zetu wa Malawi walifungua mgodi wa urani wa Kayelekera, wilayani Karonga, mwaka 2009, na kabla haujasimama mwaka 2014 mazao yake yalisafiri kwa malori kupitia Zambia hadi Walvis Bay nchini Namibia, zaidi ya kilomita 2,000. Sisi wenyewe tuna urani katika bonde la mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Tunayo pia Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2003. Yenye vipimo na wataalamu ni Tume. Lakini wa kwanza kukutana na lori mara nyingi atakuwa askari.

Askari huyo anahitaji nini? Hahitaji kuwa mwanasayansi. Anahitaji kuijua ile alama. Anahitaji kuisoma hati ya mzigo na kuilinganisha na lori lenyewe: mapipa mangapi yalitoka, mangapi yapo, lakiri ni nzima au imekatwa, njia iliyoandikwa ndiyo inayofuatwa? Pipa moja likipungua, asikubali kuambiwa kwamba limehesabiwa vibaya huko nyuma. Akikuta mzigo uliopasuka, asiuguse wala asiufungue ili aone kilichomo. Awaondoe watu, asimame mbali, upande upepo unakotoka, asile wala kuvuta sigara hapo, na awaite wataalamu. Umbali ni ngao. Mtu akiongeza umbali wake kutoka kwenye chanzo kidogo cha mionzi mara mbili, mionzi inayomfikia hupungua hadi robo. Hayo yote hufundishika katika asubuhi moja kwa kijana aliyemaliza shule ya msingi.

Kwa hiyo viongozi wa vikosi wana deni kwa askari wao. Kumpanga kijana kusindikiza mzigo bila kumwambia ni mzigo gani ni kurudia desturi ya Force Publique katika sare mpya. Kijana huyo atalala juu ya mapipa kama kuli wa Matadi alivyolala juu ya magunia. Akiambiwa na tajiri mjanja kwamba mle mna mbolea, ataamini. Akipewa fedha kidogo ili apishe lori, ataona amepisha jambo dogo. Lakini askari anayejua alindacho hunyanyua kichwa. Anajua kwamba nyuma yake kuna mto, kuna kisima, kuna watoto wa shule, na kwamba hongo ile ni bei ya maisha yao.

Ndugu wasikilizaji, tulianza kwa kuuliza ni nini kinachoulinda mzigo ukiwa njiani. Bunduki ilikuwapo Matadi, na siri ilikuwapo Matadi. Vilimfaa aliyevileta kwa muda aliovihitaji, kisha akaenda zake, akiwaachia wenyeji shimo na zege. Katika mto Mura mwaka 2007 hapakuhitajika jeshi zima. Alihitajika mtu mmoja wa kusimama mbele ya lori na kusema: hapana, hapa si mahali pake, namba hazilingani, hatutamwaga.

Mtu huyo hapatikani kwa bahati. Hufundishwa na kuaminiwa na wakubwa wake. Mlinzi na aambiwe alindacho.